Wiki ya mchungaji: jinsi ya kupanga kazi na siku ya kupumzika

Kila mwaka vyuo vya Biblia vikishatoa wahitimu, maswali huanza kuniingilia simuni. Nipumzike siku gani? Simu niizime? Mzee wa kanisa akisema mimi ni mvivu nimjibu nini? Nimeyajibu kwa ujumbe, nimeyajibu nje ya kumbi za harusi, na mara moja nimeyajibu juu ya feri ya Likoni, hapa Mombasa, nikiwa nimebanwa kati ya mkokoteni wa mitungi ya maji na mama mwenye beseni la samaki. Leo nayaandika. Ukiniuliza tena nitakutumia haya.

Na usidhani naandika kwa sababu nilikuwa hodari. Mwaka wangu wa tatu katika huduma nilipanda matatu Buxton kwenda Bombolulu, kwenye matanga, ambako familia ilikuwa ikinisubiri niwaongoze katika maombi. Nilifumba macho tukiwa darajani Nyali. Nikaamshwa na kondakta Mtwapa, mwisho wa gari. Nilipofika matangani nimechelewa saa nzima na ushee, mjane alinitazama, akaniwekea chai mbele yangu, akaniambia, "Pole mchungaji." Yeye ndiye aliyefiwa, na mimi ndiye niliyepewa pole.

Kabla ya kuanza

Utahitaji vitu vichache, na vingi havinunuliwi:

- Daftari la kurasa za kutosha, na kalenda ya ukutani ile kubwa yenye nafasi ya kuandika.
- Laini ya pili ya simu. Simu ya kitufe inatosha.
- Mtu mmoja, mzee au shemasi, mwanamume au mwanamke, ambaye washirika wanamheshimu na anayejua kufunga mdomo. Huyu ndiye nitakayemwita mzee wa zamu: siku yako ya kupumzika, dharura zinapitia kwake.
- Mazungumzo ya kweli na mke wako au mume wako, kama umeoa au umeolewa. Fanyeni kabla hujaenda kwa wazee, wala si baada.
- Miezi mitatu ya subira. Mpango huu hautashika wiki ya kwanza.

Hatua ya 1: Andika wiki mbili kama zilivyo

Usibadilishe chochote bado. Kila jioni andika ulichofanya na saa ulizotumia, na safari uziandike peke yake. Wengi huziruka safari, na hapo ndipo hesabu yao inapoharibika. Mimi nikiwa Likoni niliandika siku moja: kumwombea mgonjwa kisiwani, dakika 15, kwenda na kurudi, pamoja na foleni ya feri na kungoja lifti iliyokuwa mbovu, saa tatu. Nilikuwa nikijiambia asubuhi hiyo nimefanya kazi ndogo.

Wiki mbili zikiisha, pitia daftari na kalamu nyekundu. Weka alama kwenye kila kazi ambayo mtu mwingine angeweza kuifanya vizuri kama wewe, au hata vibaya kidogo. Kwangu alama zilijaa ukurasa: kukodi viti, kumtafuta fundi wa spika, kuandika barua ya utambulisho kwa kijana anayetafuta kazi, kununua zabibu za meza ya Bwana, kupatanisha waimbaji wa sauti ya tatu. Yethro aliyaona haya kwa mkwewe Musa, aliyekuwa ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua kesi za watu, akamwambia wazi kwamba jambo analofanya si jema. Soma Kutoka 18 na daftari lako mkononi.

Angalizo: usimwonyeshe mtu daftari hili likiwa bichi. Ukiwaonyesha wazee kabla hujalielewa mwenyewe, litageuka kuwa malalamiko.

Hatua ya 2: Chagua siku, na uianze magharibi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea.

Wachungaji wengi huchukua Jumatatu. Nami niliichukua kwa miaka minne. Shida yake ni kwamba Jumatatu mwili umekufa. Umehubiri ibada mbili, umesimama mlangoni ukisalimiana na watu mia, umepewa habari tatu nzito ukiwa bado hujavua joho. Ukiamka Jumatatu unalala tena, unaamka saa tano na kichwa kizito, unamkaripia mtoto, jioni imefika. Nyumbani kwangu walikuwa wakipewa maiti ya mchungaji kila Jumatatu, na mke wangu alichoka kuikesha. Zaidi ya hayo, mambo ya Jumapili hayajapoa: mhazini anataka sahihi, aliyekasirika kwa mahubiri anataka kukuona, aliyelazwa usiku anakungoja.

Jumamosi si yako. Ni ya harusi, mazishi na mazoezi ya kwaya. Ijumaa hapa Mombasa inavutia, maana mchana mji wenyewe hupunguza mwendo, jirani zetu wanakwenda msikitini na maduka mengi Mji wa Kale yanafungwa kwa muda. Lakini kama kanisa lako lina kesha la Ijumaa, na mengi yanalo, utakuwa unapumzika huku unatazama saa.

Mimi nasema Jumanne. Jumatatu unaitumia kwa kazi nyepesi ya kuteremsha mzigo, Jumanne mwili umerudi na unaweza kuufurahia. Isitoshe, Kiswahili chenyewe huhesabu siku kuanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Jumanne inaangukia katikati kabisa, siku tatu nyuma na siku tatu mbele. Sikuichagua kwa sababu hiyo, ila nilipogundua nilicheka.

Sasa, iwe ni Jumanne au siku nyingine, ianze magharibi ya siku iliyotangulia. Bibi zetu wa pwani wakisema "usiku wa Jumanne" walikuwa na maana ya usiku ule wa kuamkia Jumanne, kwa sababu siku kwao ilianza jua linapotua. Mwanzo sura ya 1 inahesabu vivyo hivyo: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Faida yake kwako ni hii: Jumatatu jioni mke au mume anarudi kazini, watoto wanatoka shule, na nyote mnakuwapo. Ukisubiri Jumanne asubuhi utajikuta umepumzika na paka.

Kama unafanya kazi nyingine, ualimu, duka, bandarini, huwezi kupata Jumanne nzima na sitakudanganya. Chukua Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi kulala, bila kikao hata kimoja, pamoja na Jumamosi moja nzima kila mwezi ambayo mzee mwingine anashika harusi na mazishi. Bado ni pungufu. Kwa hiyo ibada ya katikati ya wiki ikabidhi kwa wengine moja kwa moja, usiwe unaihudhuria kwa aibu.

Hatua ya 3: Ipeleke kwa wazee, na iandikwe

Usijitangazie siku ya mapumziko madhabahuni. Na usianze kuichukua kimyakimya ukitumaini hakuna atakayeona. Mombasa ni ndogo. Utaonwa pale ufukweni Mama Ngina unakula mihogo ya kukaanga na kachumbari, na kabla hujamaliza, habari zimefika Changamwe.

Omba iwe ajenda ya kikao. Sema kwa ufupi, hivi kwa mfano:

"Wazee wangu, naomba tukubaliane kuhusu ratiba yangu. Kuanzia Jumatatu magharibi hadi Jumanne magharibi nitakuwa na familia yangu. Dharura zitapitia kwa mzee wa zamu, naye anajua namna ya kunipata. Siku sita zilizobaki nipo. Naomba tujaribu miezi mitatu, kisha tukae tupime."

Halafu nyamaza. Mtu atauliza, "Na Jumanne ile mtu akifa?" Mjibu kwa utulivu kwamba kifo ni dharura, mzee wa zamu atapiga simu nawe utakwenda. Mwingine atasema wamishonari wa kwanza hawakuwa na siku ya kupumzika. Mwambie kwa heshima: Krapf alifika Mombasa 1844, na kufikia 1853 afya yake ilikuwa imemlazimisha kurudi Ulaya. Mwenzake Rebmann alivumilia hadi 1875, akaondoka Rabai akiwa karibu kipofu. Tunawaheshimu, lakini hatuna haja ya kurudia namna walivyoumia.

Mzee mwenye biashara mwulize swali moja: yeye wafanyakazi wake anawapa siku ngapi? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Usilisome kwa sauti ya mwanaharakati. Uliza tu, kisha mwachie atafakari.

Mwisho hakikisha katibu ameandika uamuzi katika kumbukumbu za kikao. Wazee hubadilika na kumbukumbu hubaki.

Kosa la kawaida: kuomba msamaha. "Samahani wazee, najua kazi ni nyingi, lakini mwili umedhoofika kidogo..." Ukianza hivyo watakupa pole na mchango wa dawa, na siku hutaipata.

Hatua ya 4: Weka zamu ya simu

Washirika wote wana namba yako moja. Iache hiyo iwe ya kazi. Laini mpya mpe familia yako na mzee wa zamu, basi. Jumatatu magharibi simu ya kazi inazimwa na kuingia kwenye droo, na kundi la WhatsApp la kanisa linakaa humo humo. Ukijiambia utakuwa "unachungulia tu", umerudi kazini.

Mzee wa zamu mwandikie kwenye karatasi nini ni dharura:

- kifo;
- mgonjwa aliye mahututi au anayeingia upasuaji wa haraka;
- ajali;
- mtu anayesema anataka kujiua;
- mtoto, au mtu yeyote, aliye hatarini nyumbani kwake.

Kila kitu kingine kinangoja saa 24. Posa inangoja. Kinanda kibovu kinangoja. Mshirika aliyeota ndoto anangoja, na mara nyingi akifika Jumatano ndoto yenyewe imepungua makali.

Mkubaliane pia kwamba kwenye tatu za mwisho hasubiri wewe uchukue simu: anapeleka mtu hospitali au anaita msaada kwanza, kisha anakupigia.

Hatua ya 5: Panga siku sita za kazi

Pumziko huvuja kwa sababu kazi haina mahali pake. Huu ni mpango wangu. Uchukue, uukate, uushone upya.

Jumatatu: ya kuteremsha mzigo. Asubuhi naandika majina ya walionieleza shida Jumapili, nawapigia wawili au watatu. Sadaka ilishahesabiwa na watu wawili wasio mimi, na mhazini ndiye anayeipeleka benki. Usiiguse, hili litakuokoa na mengi kuliko uchovu. Saa kumi jioni nafunga.

Jumatano na Alhamisi asubuhi: mahubiri. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne. Mtu wa bara atauliza kwa nini mapema hivyo. Aje akae chumba cha mabati Februari, saa saba mchana, stima imepotea na feni imesimama, aone kama atapata pointi ya pili. Jumatano nasoma na kuandika ovyo, Alhamisi napanga. Alasiri za siku hizo ni za kutembelea watu, na hapa okoa safari: gawa mtaa. Wiki hii Mtongwe na Shelly Beach, wiki ijayo kisiwani na hospitali, inayofuata Kisauni. Ukimfuata kila mtu siku anayokuita, maisha yako yatakuwa ya barabarani.

Ijumaa: vikao, ushauri wa ndoa, barua. Kama kuna kesha, nenda mara moja kwa mwezi, na Jumamosi yake asubuhi ulale bila aibu. Makesha manne kwa mwezi kisha mahubiri ya Jumapili ni kujidanganya. Nimeyafanya, na mahubiri yenyewe yalikuwa ya kurudiarudia mstari mmoja kwa sauti kubwa.

Jumamosi: harusi au mazishi, kimoja. Viwili kwa siku moja ni mpaka mzee wa zamu apokee kimoja. Saa kumi na mbili jioni kazi imekwisha.

Jumapili: kula kati ya ibada ya kwanza na ya pili. Mahamri mawili na mbaazi, chai, dakika 20 umeketi, mlango umefungwa. Mpe shemasi kazi ya kuulinda mlango huo. Mialiko ya chakula cha mchana pokea mmoja tu. Najua nyumba tatu zimepika pilau na zote zitaona umezidharau. Wawekee zamu, waambie tarehe, watafurahi zaidi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Eliya alipokuwa amekata tamaa chini ya mretemu, akiomba afe, hakupewa semina. Alilala, akaamshwa akala mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Iko katika 1 Wafalme 19. Anza hapo: usingizi na chakula.

Kisha toka nyumbani. Nyumba ya mchungaji ni ofisi yenye vitanda, na hodi hazitakwisha. Jumanne pwani ni tupu. Bichi ya umma kule Bamburi, ambayo Jumapili huwezi kuona mchanga kwa watu, siku hiyo ina wavuvi, watoto wachache na wenye ngamia waliokata tamaa ya wateja. Uliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi, utembee na watoto hadi kwenye miamba kutazama kaa, mrudi kabla hayajajaa. Au panda gari hadi Rabai ukae chini ya mwembe. Au kaa barazani ucheze bao na shemeji yako, mradi shemeji si mhazini wa kanisa.

Vaa nguo ya kawaida, bila kola. Usisome Biblia kwa ajili ya Jumapili. Ukisoma, soma zaburi uiache ipite. Kalamu usiikaribie.

Na fanya kitu kimoja kwa mikono. Mimi natengeneza baiskeli za watoto wa mtaa. Baiskeli ikipona imepona, hairudi Alhamisi kukuambia haikuelewa ulichosema.

Yanapokwama

Mazishi yameangukia Jumanne. Nenda. Lakini kabla hujatoka, andika kwenye kalenda siku ya kufidia ndani ya siku saba, na umwambie mzee wa zamu. Usipoiandika siku hiyo hiyo, imepotea. Ikitokea wiki tatu mfululizo, tatizo si vifo. Angalia kama washirika wamejua Jumanne huna kazi wakaanza kupanga kwayo.

Mazishi ni bara. Mwili unasafirishwa Ijumaa usiku hadi magharibi ya Kenya, maziko Jumamosi, na Jumapili unatakiwa madhabahuni. Usijaribu. Ama unakwenda na mzee mmoja anahubiri Jumapili, ama unaongoza ibada ya kuaga hapa Mombasa na kumwachia mchungaji wa kule amalizie. Familia ikijua mapema hukubali. Huchukia kuambiwa Alhamisi usiku.

Umeitwa mvivu. Usijitetee kwenye kundi la WhatsApp. Mwenyekiti wa wazee ndiye ajibu, na ndiyo sababu tuliandika kumbukumbu. Kama yeye ndiye aliyekuita mvivu, mtembelee nyumbani, kunywa chai yake, umwombe aje akae na wewe kuanzia Jumatano alfajiri hadi Jumapili mchana. Mmoja wangu alikubali. Alhamisi saa tisa alisema ana shughuli.

Siku imefika na huna raha, mkono unatafuta simu. Ni kawaida kwa wiki tano au sita za kwanza. Droo ifungwe na ufunguo akae nao mke wako.

Mwenzako nyumbani analalamika kwamba umeigeuza siku yako kuwa siku yake ya kupika. Ana haki. Jumanne nunueni chakula, au pika wewe. Viazi karai havimshindi mtu mzima.

Desemba na wiki ya Pasaka. Mpango utavunjika na usihuzunike. Panga mapema siku mbili mfululizo mara tu baada ya sikukuu, na mzee mmoja ahubiri Jumapili inayofuata. Wageni wa bara watakuwa wamerudi, kanisa litakuwa nusu, ni nafasi nzuri ya kumjaribu mhubiri mpya.

Miezi mitatu imepita, unapumzika kila wiki, na bado umechoka. Hapo usiongeze maombi ya kufunga. Nenda hospitali upimwe presha na sukari, na umweleze daktari usingizi wako ulivyo, kama unalia bila sababu, kama chakula hakina ladha, kama umewahi kutamani usiamke. Mweleze kama mgonjwa, usimweleze kama mchungaji. Na kama hilo la mwisho lipo, usingoje miezi mitatu iishe: mpigie mzee wa zamu leo, hata kama leo si Jumanne.